Chumvi ya Kuku wa Pikiniki

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Masasi yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, tulijifunza pia maneno mapya, na moja lilikuwa pikiniki. Lililetwa na mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa Mkomaindo. Mumewe alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa kwanza kununua korosho kwa mizani yao wenyewe, na alikuwa na lori. Mwenyekiti alikwenda kumsalimia dada yake Dar es Salaam, akarudi baada ya wiki mbili na wigi na hilo neno. Akatueleza barazani kwake kwamba watu wa huko hubeba chakula, wakaenda mahali penye hewa nzuri, wakatandika mikeka, wakala, wakarudi nyumbani. Mama mmoja akauliza kama hilo silo tunalolifanya shambani kila siku. Mwenyekiti akamjibu kwamba shambani unakwenda kulima, na pikiniki huendi kulima. Tukaelewa.

Tulikubaliana kwenda Newala, Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na mtu akasimama ukingoni akaona bonde lote mpaka upande wa Msumbiji. Wengi wao walikuwa hawajafika. Mimi nimezaliwa Kitangari, na kwetu, ambako maji huchotwa chini bondeni, kwenda kulitazama bonde bila ndoo kichwani ni kazi ya mtu aliyekwisha kunywa maji. Lakini sikusema. Nilikuwa mdogo kuliko wote kikundini, na nilitaka kwenda.

Sharti lilikuwa moja: kila mama apike kwa mkono wake, nyumbani kwake, asinunue kwa mama ntilie, na vyakula visifanane. Mwenyekiti akafungua daftari akaanza kuandika. Huyu pilau, yule samaki wa kukaanga, mwingine chapati, mwingine kisamvu cha nazi, mwingine vitumbua. Ilipofika zamu yangu nikasema nitaleta ming'oko.

Wakacheka. Ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba na virefu, tunavyovichimba wakati wa kiangazi kwa jembe na subira nyingi. Kwetu huchemshwa hivihivi, na chumvi na pilipili huwekwa pembeni kwenye kisahani, kila mtu achovye apendavyo. Ni vitamu, lakini vimewaokoa watu katika njaa mara nyingi mno, na chakula kilichokuokoa katika njaa hukipeleki kwenye sherehe. Mwenyekiti akasema mchele umejaa madukani, mimi nataka kuwarudisha porini. Nilinuna. Mimi ni mtu wa kununa upesi, na nikinuna hunyamaza, kwa hiyo hakuna aliyejua. Mwenyekiti akaacha nafasi mbele ya jina langu, akasema nikafikiri upya.

Na hilo jina langu pia. Daftari lile lilikuwa la Mama Fulani na Mama Fulani, kila mmoja na mwanawe wa kwanza. Mimi niliandikwa Mke wa Karani. Mume wangu alikuwa karani wa ushirika, na nilikuwa nimeishi naye miaka minne bila mtoto. Hakuna aliyeniandika hivyo kwa ubaya. Wangeniandikaje?

Mwezi wa nane siku zangu hazikuja. Nikangoja wiki, nikangoja mbili, nikangoja mpaka nikaogopa kuhesabu. Zilipotimia wiki saba nikamwambia mume wangu, nikamwomba anyamaze. Alinyamaza siku moja. Siku ya pili alimpa mtu wa baiskeli ujumbe aupeleke Chiungutwa kwa mama yake, na kabla ya Ijumaa mama yake alikuwa ameshuka kwenye lori la muhogo mbele ya nyumba yetu, na kuku wawili mkononi wamefungwa miguu.

Mama mkwe wangu alikuwa mfupi, mkavu, mwenye maneno machache. Aliswali vipindi vyote vitano, na mila alizifuata vilevile, bila kuona kwamba kimoja kinagombana na kingine. Kila asubuhi alikohoa mara mbili tatu kabla ya kutoka nje, nasi tulikuwa tumeizoea sauti ile kama mlango unaolia. Na sijapata kuona mtu mzima anayekula kidogo kama yeye. Nyama aliionja tu, halafu akaisukuma upande wangu wa sahani bila kusema.

Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama tumboni ambapo hapakuwa na kitu cha kuonekana. Akasema kuku hawa ni wangu, nile supu, nisibebe ndoo. Jioni ile ile mtaa wote ulikuwa umejua. Mwenyekiti alikuja mwenyewe na daftari lake, akakata Mke wa Karani kwa mstari, akaandika Mama Kijacho. Kisha akatazama kuku wale na kusema basi chakula changu kimepatikana: Mama Kijacho, kuku wa korosho.

Sitaki kujifanya mtu mkubwa. Nilifurahi mpaka nikaenda chumbani nikajifungia. Kwa siku tisa niliitwa Mama Kijacho kisimani, dukani, mashineni, na kila nilipoitwa niligeuka upesi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ya pikiniki. Asubuhi nilikuwa bafuni uani, nikaona damu.

Nilikaa chini palepale kwenye jiwe la kuogea. Sikulia kwa sababu mama mkwe alikuwa anafagia upande wa pili wa ukuta wa makuti, na nilikuwa nausikia ufagio wake. Nilijiona mjinga. Nilijiona kama niliyewadanganya watu wote, ingawa sikuwa nimemdanganya mtu. Baada ya muda nikafua kanga niliyokuwa nimevaa, nikatoka nayo, nikasema imedondokewa na mafuta.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Ya unyago hayasemwi nje, nami sitayasema, lakini hili hata mtoto wa kwetu analijua. Mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi chunguni. Atapika, atakoroga, atapakua, lakini chumvi itatiwa na mkono mwingine, wa mtoto wa kike au wa bibi aliyekoma. Akitia yeye, walao wataugua kifua. Watakohoa, watakonda, na dawa yake ni ya shida. Ndivyo tulivyofundishwa, na hatukufundishwa kwa maneno matupu.

Kwa mwenye watoto mila hii haina uzito wowote. Anaita bintiye, njoo tia chumvi, binti anatia, wanakula. Mimi sikuwa na wa kumwita, kwa hiyo kila mwezi kwa miaka minne nilimwita binti wa jirani. Alikuja na kijiko chake, akatia, akaenda zake. Na kila mwezi kwa miaka minne mtaa mzima ulijua, kwa kijiko kile kimoja, kwamba Mke wa Karani bado.

Sasa nilikuwa na siku mbili, na jina mbele ya kuku wa korosho. Chakula kile wageni hawakijui vizuri. Unachemsha kuku, unatwanga korosho mpaka zilainike, unazikoroga ndani ya supu mpaka iwe nzito. Korosho zina utamu wake, na ule utamu bila chumvi ni uji wa mgonjwa. Mtu yeyote wa Masasi angeonja kijiko kimoja, akajua kwamba chungu kile hakikupata chumvi, na angejua kwa nini.

Ningeweza kusema naumwa, nibaki nyumbani. Basi mama mkwe, aliyealikwa pia, angebaki kuniuguza, na kwa siku nzima ndani ya nyumba moja angeona. Ningeweza kusema kweli. Leo nikiitazama ile kweli naiona ndogo, inaingia katika sentensi moja: mama, nimeingia siku zangu. Lakini ningeisema Ijumaa, Jumamosi ingekuwa mtaani, na Jumapili ningepanda lori nikiwa Mke wa Karani mbele ya wanawake kumi na wawili wanaonionea huruma. Nilitaka Jumapili moja tu. Jumatatu ningesema.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta chakula kisicho na chumvi.

Nilikwenda kwa mama wa vitumbua nikamwomba tubadilishane, yeye apike kuku wangu, mimi nipike vitumbua. Akasema mchele keshauloweka, na tena angepikaje kuku alioletewa mja mzito na mama mkwe wake, je, nina akili? Nikaenda kwa mwenyekiti nikasema naona bora nilete mkate wa sinia. Akasema vya sukari vimetosha, watu wanataka mchuzi. Halafu akaniuliza kama ni tamaa ya mimba inayonifanya nibadilike-badilike hivi, akacheka, akanishika bega. Nilicheka naye. Kucheka kule kulinichosha kuliko kazi yoyote niliyoifanya wiki ile.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Bibi mmoja aliyetoka porini siku ile alikuwa na ming'oko nusu gunia, bado ina udongo. Nilichukua karibu yote. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: kwamba nimeota mama yangu wa Kitangari, kwamba roho yangu inataka chakula cha kwetu, kwamba watakaocheka na wacheke. Ming'oko chumvi yake iko pembeni. Kila mtu angejichovyea mwenyewe, na mkono wangu usingehusika.

Nilipofika uani nikamkuta mume wangu anaosha kisu. Jogoo mmoja alikuwa keshachinjwa, na mama mkwe amekaa kwenye kigoda anamnyonyoa.

Akautazama mfuko wangu akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wangu, wa pikiniki, nikaanza maneno yangu ya ndoto, nikayasahau katikati. Akachomoa mng'oko mmoja, akauvunja, akaunusa, akanitazama. Alinitazama muda mrefu kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu. Mimi nikatazama manyoya.

Akasema ming'oko hii ni mizuri, tutaila wenyewe Jumatatu. Akarudi kwa jogoo wake.

Jumapili tuliamka mapema. Lori lilikuwa liondoke saa mbili. Mama mkwe alitwanga korosho, mimi nikachochea moto, na hatukusemezana sana, maana hatukuwa na desturi ya kusemezana sana. Pakiti ya chumvi ilikuwa juu ya uchaga. Zamani tulitumia chumvi ya mawe, unaisaga mwenyewe, lakini mwaka ule ilikuwa imeanza kuja hii nyeupe, laini, ndani ya nailoni, na ilikuwa bado imefungwa.

Supu ikachemka. Nikatia korosho, nikakoroga, ikaanza kuwa nzito. Hakukuwa na jambo lingine la kufanya isipokuwa lile moja. Mama mkwe akasimama, akachukua ndoo yake ya maji.

"Naenda kuoga," akasema. "Nitachelewa."

Akaenda. Nikabaki na chungu. Upande wa pili wa uzio, binti wa jirani alikuwa anafagia. Uwanja wao ulikuwa safi tangu nilipoamka, lakini yeye alifagia tu, karibu kabisa na uzio, mgongo wake ukiniangalia. Ningemwita kwa sauti ndogo angesikia. Nilifungua mdomo. Kisha nikamfikiria mama yake, ambaye alikuwa wa kikundi chetu na angekaa karibu nami ndani ya lori, nikaona namna habari itakavyotoka kwa binti ikafika kwa mama kabla dereva hajawasha injini. Nikafumba mdomo.

Nilichukua pakiti, nikaipasua kwa meno. Nikatia kijiko kimoja na nusu, nikakoroga, nikafunika. Sikuonja. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningetetemeka hata kidogo, labda ningejisamehe.

Maji bafuni yaliendelea kumwagika kwa muda mrefu. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa baridi. Alipita jikoni, akautazama uzio, akautazama uchaga, akaenda kuvaa.

Njiani waliimba. Mimi nilikaa kwenye sakafu ya lori nimekishika chungu katikati ya miguu, nimekifunga kanga, na kila tuliporuka shimo niliomba kimwagike. Kilikuwa kimefungwa vizuri mno. Niliomba pia tuharibikiwe, na lori la mwenyekiti, lililokuwa na sifa ya kuharibika, siku ile lilipanda uwanda bila kukohoa hata mara moja.

Shimo la Mungu lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Upepo ulikuwa mkali, mikeka ikabidi izuiwe kwa mawe na kwa madumu ya maji tuliyobeba, maana Newala huendi bila maji yako. Wanawake walisimama ukingoni wakaguna, wakasema Mungu ana kazi. Walinionyesha mahali pa kukaa pasipo na jua, kwa hali yangu. Mmoja alinikunjia kitenge chake nikakiegemea. Mwenyekiti akasema tule.

Vyungu vikafunuliwa. Kwa kuwa mama mkwe alikuwa mkubwa kuliko wote, na mgeni, aliambiwa aanze. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Akajisogeza mpaka kwenye chungu changu, akakifunua, akajipakulia, akaonja. Akaacha kutafuna. Sijui kama wengine waliona, lakini mimi niliona taya lake likisimama, na macho yake yakinijia mara moja na kuondoka. Kisha akaendelea.

Aliimaliza nyama ile, akachukua nyingine. Mwenyekiti akanyoosha sahani yake, naye apate kidogo cha kuku wa Mama Kijacho. Mama mkwe akakivuta chungu akakiweka katikati ya mapaja yake.

"Huu nchuzi wa nkwe wangu," akasema. "Nimeungoja miaka minne. Ninyi kuleni pilau."

Walidhani anatania. Mwingine akanyoosha sahani, mama mkwe akampiga kofi dogo la mkono. Hapo wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chapati. Mwanamke yule asiyekula, aliyekuwa akinisukumia mimi nyama kila siku, alikaa mbele ya watu na chungu mapajani, akala mapaja mawili, akala kidari, akanywa mchuzi kwa kukiinamisha chungu, jasho likimtoka. Kilichobaki alikifunika, akakifunga kwenye kanga yake mwenyewe, akasema hicho ni chakula chake cha jioni.

Nilimwonea aibu. Nakiri hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikaa pale chini ya kivuli nikasikia wanawake wakinong'ona kwamba wakwe wengine ni walafi, hata mjamzito hamwachii, nami sikumtetea. Nilikuwa nashukuru tu kwamba wengine hawakula. Nilifikiri ni bahati. Kisha nikakumbuka kwamba yeye amekula, tena amekula chote, na furaha ikanitoka. Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi sikuonja hata tone.

Kurudi walimtania njia nzima, wakampa jina la Mama Kuku. Hakucheka wala hakukasirika. Jumatatu asubuhi nilikikuta chungu kimeoshwa, kimeinamishwa juani, na nyuma ya choo udongo ulikuwa umechimbuliwa na kufukiwa upya.

Mchana nilimwambia mume wangu, naye akamwambia mama yake. Mama akasema Mungu atatoa. Tulikula ming'oko jioni ile kama alivyosema. Jumatano akarudi Chiungutwa, akaniachia kuku wa pili. Kikundini hawakuniuliza kitu. Mwezi uliofuata nililiona daftari, Mama Kijacho limekatwa na Mke wa Karani limeandikwa upya juu yake, kwa herufi ndogo zaidi kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

Mvua zilipoanza tukaletewa habari kwamba mama anakohoa. Si ile ya asubuhi tuliyoizoea. Nilikwenda Chiungutwa nikamkuta amekonda, mabega yametokeza kwenye kanga. Alinikataza nisihangaike. Nilipika, nikafua, nikakaa siku nne, na kila alipokohoa nilihisi kama kuna mtu anayenitaja kwa jina. Nilijua dawa za kwetu za maradhi hayo ziko kwa akina bibi, lakini bibi wa dawa angeuliza kwanza, nani alitia chumvi? Kwa hiyo sikumpeleka. Hilo nalo nililifanya. Nilimsihi mume wangu tumlete hospitali, na mama akakataa, akakataa, mpaka mwezi wa sita alipokuwa hana nguvu ya kukataa.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Akatuonyesha picha ya kifua, akasema mapafu haya hayakuanza kuugua jana. Yameugua miaka, pengine tangu kabla mimi sijaolewa, kwa moshi na kwa mengine, na laiti angeletwa mapema. Nilimwelewa kila neno. Nilisoma mpaka darasa la saba, nami si mjinga. Ninaelewa mpaka leo. Kuelewa hakujanisaidia.

Siku moja, akiwa wodini, mama akaniambia anatamani ming'oko. Ile ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanza kufika sokoni. Nilichemsha nikampelekea mchana, bado ya moto, kwenye bakuli lenye mfuniko. Nilikuwa safi siku ile, nami ningeweza kutia chumvi bila hofu, lakini mkono ulikataa. Nikaifunga chumvi kwenye karatasi.

Akaona karatasi, akatingisha kichwa kwamba ni sawa. Akamenya mmoja polepole, akachovya, akatafuna kwa upande mmoja wa mdomo.

"Siku ile ulitia wewe," akasema.

Sikuuliza siku ipi. Nikasema ndiyo, mama.

"Nilijua tangu ile kanga, lakini ningetia mwenyewe ungeona haya. Nilikupa nafasi. Nilimwambia yule ntoto wa jirani afagie karibu na uzio, ukimwita aje atie, na asimwambie ntu, hata mama yake. Alikubali. Nikakaa bafuni mpaka maji yakaisha. Natoka, ntoto bado anafagia, na pakiti imepasuliwa."

Nilitazama sakafu. Nikamwona binti yule, mgongo wake, ufagio wake kwenye uwanja uliokwisha kufagiliwa, akingoja niite. Angetia chumvi, angenyamaza, sote tungekwenda Newala na kula. Yote yalikuwa yamekwisha pangwa na mtu aliyekuwa akijimwagia maji ya baridi asubuhi kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimekaa palepale mbele ya chungu nikijiona sina mtu.

"Kwa nini ulikula, mama?"

Akakohoa kwanza. Nikamshikia kikombe. Akafuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Wangekula wenzio," akasema. "Ningeumwaga wangejua. Nisingekula wangeuliza." Akachovya tena, chumvi nyingi kuliko mara ya kwanza. "Sasa ningefanyaje?"

Nilianza kumweleza maneno ya daktari, kwamba maradhi haya ni ya zamani, kwamba hayana uhusiano wowote na chungu kile. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama alivyowasikiliza watu wote wenye maneno mengi. Akasema daktari ni daktari. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akalisukuma bakuli upande wangu.

Hakurudi Chiungutwa akiwa hai. Tulimsindikiza huko Alhamisi moja, kwa lori lilelile la mwenyekiti, na wanawake wa kikundi walikuja wote. Wakati wa kupika chakula cha msiba mmoja wao akakumbuka pikiniki, akasema marehemu alikuwa akipenda kuku. Wakacheka kidogo kwa huzuni, wakasema Mungu amlaze pema. Ningeweza kuwaambia. Nilikuwa nakata vitunguu, nikaendelea kukata vitunguu.

Sikupata mtoto. Watoto wa ndugu zangu wananiita Mama Mkubwa, nami naitika. Nyumbani kwangu watu wanakula vizuri, na sifa ya mchuzi wangu wa korosho ipo, ila wageni wa mara ya kwanza huonja na kunitazama kwa mashaka, wakidhani nimesahau. Sijasahau. Siku za mwezi zimekoma miaka mingi, mila hainizuii tena, lakini tangu siku ile ya ming'oko hospitali sijatia chumvi katika chungu cha watu. Naiweka kwenye kisahani katikati ya mkeka, na kila mtu hujitilia mwenyewe.